Mguu wa Milisav

Milisav, fundi wa kuezeka vigae, hakuoa wala hakujaliwa maneno mengi, lakini alikuwa na mguu. Huku kwetu, milimani Serbia, mtu wa kwanza kuvuka kizingiti asubuhi ya Krismasi ndiye anayeiletea nyumba heri au nuksi ya mwaka mzima, kwa hiyo huchaguliwa kwa makini kuliko mkwe. Kwa miaka kumi na tisa Milisav alitangulia kwa mjane Stamenka, mguu wa kulia mbele. Alichokoa gogo la mwaloni linalowaka mekoni, na cheche zikiruka akaiombea nyumba kondoo, kuku na afya. Stamenka alimmwagia ngano kichwani, akamkalisha kwenye kigoda, akampa soksi mpya za sufi. Halafu wakala. Milisav hakuwa na meza nyingine ya Krismasi.

Desturi hii imetoka wapi? Kasisi anasema kwa wachungaji wa Bethlehemu. Bibi yangu alishikilia kuwa ni ya zamani kuliko kasisi yeyote, eti wazee waliokufa huja kuota moto ndani ya mwili wa mgeni. Wabishane wenyewe.

Krismasi ya mwaka jana Milisav aliteleza kwenye barafu, akatua ndani kwa mguu wa kushoto. Theluji ilipoyeyuka, ng'ombe wa Stamenka akafa. Watu dukani hawakumwacha apumue. Walimwomba awatembelee maadui zao. Alicheka nao, ila Desemba nzima alinisumbua: Stamenka amesema lolote? Hakuwa amesema. Nikamwambia aache utoto.

Krismasi ikafika, saa tatu asubuhi, naye hajatoka. Nilikwenda nikagonga dirisha lake, maana kuingia nisingethubutu, nisije nikawa mguu wake wa kwanza. Alikuwa ameketi na koti na viatu vya kanisani. Alisema hajaalikwa, na hataki kumtia mama wa watu mkosi wa pili. Nilikuwa nimeanza kumfokea alipotokea Radisha, mwana wa Stamenka afanyaye kazi Vienna, sanduku mkononi, masharubu yameganda.

"Amu Milisav, tafadhali twende nyumbani. Nimefika tangu alfajiri, mama amenifungia nje."

"Akufungie wewe, mwanawe?"

"Anasema hakuna mguu utakaotangulia wako. Nikamkumbusha ng'ombe. Akasema ng'ombe alikuwa mzee, na soksi ameshazifuma."

Milisav akauliza, "Mbona hakunialika?"

"Nilimuuliza hilo pia. Akaniuliza, mtu wa nyumbani anaalikwa na nani?"

Alitoka mbio hata mlango hakufunga. Nilifurahi mpaka nikajifuta macho kwa glavu, nikawafuata. Kizingitini alisimama, akaitazama miguu yake mmoja mmoja, kisha akaingia kwa wa kulia.

"Kristo amezaliwa," alisema.

"Kweli amezaliwa," Stamenka akajibu, akammwagia ngano.

Radisha, aliyekuwa akitetemeka kwa baridi uani, akauliza kama sasa anaweza kuingia.

"Ngoja," mama yake akamwambia. "Hajachokoa moto."