Jaketi Lazima, Barakoa Hiari

Mama mkwe wangu alirudi kutoka Hija na tende, maji ya Zamzam na kikohozi. Tende tulizimaliza sisi wa nyumbani, maji aliyagawa kijiko kijiko mpaka kwa majirani wa mbali, na kikohozi kilimtoka chenyewe kabla hatujazoea kumwita Hajati. Kilichobaki ni barakoa.

Alizoea kuivaa huko, na hapa Kibiti hakuiacha. Ila ilikuwa na mipaka yake. Nyumbani havai. Sokoni havai. Msibani, hata watu wabanane vipi ukumbini, havai. Lakini akipanda chombo chochote chenye abiria, iwe basi la Ikwiriri au bajaji ya kwenda hospitali, mkono unaingia kwenye mkoba na barakoa inatoka, ya buluu hafifu, imekunjwa vizuri ndani ya leso. Mume wangu alimuuliza mara moja, akajibiwa, "Mbona wewe sikuulizi kofia yako?" Yakaishia hapo.

Safari ninayotaka kuisimulia ni ya kwenda Mbwera, kwenye akika. Mdogo wake mama mkwe ameolewa huko, na mwanawe wa kiume alikuwa amepata mtoto. Huyo baba mtoto alisomea Kibiti, akalelewa nyumbani kwetu na marehemu baba mkwe wangu, ndiyo maana mtoto alipozaliwa akapewa jina la marehemu. Tulisafiri watatu: mama mkwe, mimi, na baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu. Kwa mama mkwe huyu ni shemeji, na shemeji wa kwetu ana ruhusa ya kusema lolote. Mimi, mke wa mtoto, sina ruhusa ya kusema wala kucheka.

Msimu huo mafua yalikuwa yanazunguka. Pale Nyamisati, kabla hatujapanda boti, nahodha alisimama juu ya gogo akatangaza:

"Jamani nisikilizeni! Jaketi la kuokolea ni lazima, asiyevaa hapandi. Barakoa ni hiari. Watu wa afya wamesema mafua yapo. Anayetaka avae, asiyetaka asivae, mimi sigombani na mtu."

Mama mkwe alikuwa ameshavaa yake kabla hata ya tangazo. Akafungua mkoba, akanipa moja.

"Chukua, mwanangu."

"Mama, wamesema hiari."

"Ndiyo. Na hiari yangu ni hii."

Nikavaa. Akamgeukia shemeji yake, akamnyooshea nyingine. Baba mdogo aliitazama kama mtu aliyepewa soksi ya mwenzake.

"Mimi shemeji, Mungu kaniumba pua wazi."

"Hiari yashinda utumwa," mama mkwe akasema, akairudisha kwenye leso bila kinyongo.

Boti ilikuwa imejaa kiasi chake. Baba mdogo alikwenda kukaa mbele kabisa, apate upepo. Sisi tulikaa nyuma yake, na pembeni yangu akaketi mama mmoja aliyepakata ndoo ya maandazi. Hatujaingia hata kwenye mto wa kwanza wa mikoko, yule mama akaniinamia sikioni.

"Mama yetu anaumwa nini?"

"Haumwi."

Akafikiri kidogo. "Kumbe. Basi tunaoumwa ni sisi?"

Nilitazama boti nzima nikaona swali lile lile kwenye nyuso nyingi. Mtu akivaa barakoa peke yake mahali ambapo haijalazimishwa, anayekaa karibu naye hana raha. Mgonjwa watamkwepa, na mzima watamnunia. Wawili waliokuwa mbele yetu walisogea kidogo, halafu nadhani waliona aibu, wakarudi walipokuwa.

Baba mdogo ndiye aliyesema kwa sauti.

"Shemeji! Kwetu mnyama akifungwa mdomo ujue amekula mpunga wa watu. Wewe umekula mpunga wa nani?"

Watu wakacheka. Mama mkwe akajibu kitu, injini ikakimeza. Akarudia. Baba mdogo akaweka kiganja sikioni.

"Anasemaje?"

"Anasema wa kwako," nikamtafsiria, kwa adabu zote.

Hapo ndipo nilipogundua faida ya ile barakoa niliyovalishwa. Nilikuwa nacheka. Nilikuwa nacheka kwa mdomo wote, meno nje, mbele ya mama mkwe wangu, na hakuna aliyejua. Kwa miaka yote ya ndoa yangu nimekuwa nikibana midomo kila baba mdogo anapofungua utani wake, nakimbilia jikoni kumalizia kicheko changu huko. Sasa nilikuwa nimekaa bega kwa bega na mama mkwe mwenyewe, nacheka nitakavyo.

Yule mama wa maandazi nilipomwambia kuwa mama mkwe ni Hajati, alilainika. Akampa andazi. Mama mkwe hakuivua barakoa. Aliivuta kwa kidole upande wa chini, akapitisha kipande, akaiachia. Baba mdogo akaona.

"Aa, kumbe mlango una dirisha!"

"Hebu tuambie, Hajati," mama wa maandazi akasema, "huko Makka mlilala wapi?"

Macho ya mama mkwe yaling'aa. Akajiweka sawa, akaanza. Alisimulia kwa mikono, kwa mabega, kwa nyusi. Lakini injini ilikuwa inanguruma na barakoa nayo ilikuwa imekaza, na katika maneno kumi tulikuwa tunaokota mawili. Yule mama alikuwa anaitikia tu, "Naam… naam… Subhanallah," mpaka aliposikia jambo lililomshangaza.

"Tulilala Muzdalifa," mama mkwe alisema, ule uwanja wa wazi wanakolala mahujaji usiku mmoja.

"Mlilala kwa nani?"

"Muzdalifa! Chini, juu ya mawe!"

Yule mama akanigeukia, amesikitika kweli. "Huyo Mzee Dalifa hakuwa na hata mkeka wa kuwapa wageni?"

Nilidhani nitafia ndani ya barakoa. Nilijifanya natazama ndege kwenye mikoko, mabega yananitikisika. Mama mkwe akanigusa goti, akaniinamia, safari hii nikamsikia vizuri kabisa.

"Cheka polepole, mwanangu. Macho hayajavaa barakoa."

Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Lakini nilipomtazama usoni, na macho yake pia yalikuwa yanacheka.

Sasa hapo ikaja chafya. Ilitoka mbele, kubwa, ya baba mdogo. Akasema "Alhamdulillah," na boti nzima ikamjibu kwa pamoja, "Yarhamukallah." Ikaja ya pili. Akajibiwa na nusu ya watu. Ya tatu alijibiwa na nahodha peke yake. Ya nne hakuna aliyesema kitu; mama wa maandazi alivua mtandio akafunika ndoo.

"Vumbi tu," baba mdogo akasema.

"Vumbi gani la majini?" mtu akauliza.

Ikaja nyingine. Wale wale waliokuwa wanacheka habari ya mpunga wakaanza kutazamana. Hatimaye mama wa maandazi akasema kile walichokuwa nacho wote moyoni.

"Mzee wangu, shikamoo. Hajati si anazo barakoa?"

"Marahaba. Si wamesema hiari?"

"Ni hiari, lakini…"

"Lakini nini? Mlipokuwa mnamcheka huyu ilikuwa hiari. Sasa imekuwa lazima kwangu?"

Hapo aliwashika. Mtu mmoja akasema hiari ni kwa mzima, mwingine akasema hiari ni hiari, wa tatu akasema serikali ingesema moja tu watu wakajua. Wakabishana hivyo kwa muda, na kila mmoja alikuwa amejiziba pua kwa kiwiko. Mama mkwe alikuwa na mkoba wake mapajani, lakini hakuufungua.

"Mwacheni," akasema. "Asiyetaka hatakiwi kulazimishwa."

Nahodha ndiye aliyeamua. "Mzee, mimi sigombani na mtu. Ila upepo unatoka mbele, na wewe umekaa mbele. Ama uvae, ama uje huku nyuma kwangu, karibu na injini."

Mtu mwingine angevaa. Baba mdogo aliinuka, akapita katikati yetu na jaketi lake la rangi ya chungwa, uso juu kama bwana harusi, akaenda kukaa karibu na injini. Mpaka Mbwera alikuwa anakula moshi wa petroli. Tulipogeuka kumtazama alitupungia mkono. Aliposhuka macho yalikuwa mekundu na kanzu ilikuwa inanuka gereji.

Kwa mama mdogo tulipokelewa kwa vigelegele. Mama mkwe alivua barakoa pale pale mlangoni, akamkumbatia mdogo wake, wakalia kidogo kama wanavyolia ndugu waliozeeka wakiwa mbalimbali. Kisha akaletwa mtoto. Mama mkwe akampakata, akamsomea, akampuliza kwenye utosi. Nami nikampakata. Alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia, ananuka mafuta ya nazi.

Baba mdogo akanyoosha mikono. Ikamtoka chafya.

Mama mdogo akamchukua mtoto mikononi mwangu, akarudi naye nyuma hatua chache.

"Shemeji, karibu sana. Karibu chai, karibu kitanda. Kwa mtoto usisogee."

"Lakini huyu ni kaka yangu," baba mdogo akasema. Alisema taratibu, bila utani. Alikuwa na maana ya jina.

"Najua. Kaka yako ana siku chache duniani. Usimpe mafua."

Baba mdogo alisimama pale na mikono yake mitupu. Kisha akamgeukia mama mkwe, akamnyooshea kiganja.

"Shemeji, nipe hilo dude lako."

"Dude gani?"

"Unalijua."

"Mie silijui. Lina jina."

"Barakoa."

"Ya lazima au ya hiari?"

Baba mdogo akamtazama mtoto. "Ya kumpakatia kaka yangu."

Mama mkwe akafungua leso, akatoa barakoa, na baba mdogo akaivaa juu chini. Shemeji yake akamgeuzia, akamfungia masikioni, akambana kile kijiwaya cha puani kwa vidole viwili kama mama anayempenga mtoto kamasi. Akanawishwa mikono kwa sabuni. Ndipo akapewa.

Alikaa naye mkekani muda mrefu. Alimwita kwa jina la kaka yake, mara moja, mara ya pili, akasubiri kana kwamba ataitikiwa. Macho yakamlowa. Alipoona tunamtazama, akasema ndani ya barakoa, "Ule moshi wa injini mbaya sana."

Mama mkwe akamnyooshea leso.

Siku ya pili ndiyo ilikuwa akika yenyewe. Mbuzi alichinjwa asubuhi, na mimi na mama mkwe tukapewa sufuria kubwa la wali wa nazi. Tulikuwa wawili tu kwenye banda la jiko, yeye anakuna nazi, mimi nachochea. Labda ni kwa sababu alikwishaniona nikicheka na hakuninyima chai, nikapata ujasiri.

"Mama, kwa nini unaivaa kwenye vyombo tu?"

Aliendelea kukuna. Nikadhani nitajibiwa habari ya kofia.

"Ukivaa kanga," akasema, "kuna anayekuuliza umetoka wapi?"

"Hakuna."

"Basi. Nikivaa ile, kila chombo ninachopanda mtu ataniuliza. Unaumwa? Siumwi. Mbona umevaa? Nimezoea Makka. Ooh, umefika Makka? Hapo anataka kusikia. Nyumbani mlishasikia, mkachoka. Mie bado sijachoka."

"Lakini ukiivaa hawakusikii, Mama."

"Hilo nimeliona jana," akasema. "Mzee Dalifa!" Akaweka kifuu chini akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Nami nikacheka, mdomo wazi, sina nguo usoni.

"Haya, nisimulie mimi," nikamwambia. "Hapa hapana injini."

Akanisimulia. Alinieleza jinsi walivyolala chini ya mbingu tupu, na jinsi alivyopoteza ndara akatembea na moja. Kuna mama wa nchi asiyoijua ambaye hawakuelewana hata neno, wakagawana blanketi na wakagombana kwa ishara nani alale upande wa upepo. Akasema alipoiona Al-Kaaba kwa macho yake, dua zote alizohifadhi kuanzia Kibiti zilimtoka kichwani, zote, akabaki anataja majina ya watu tu. Wanawe. Marehemu. Wajukuu.

"Na lako nikalitaja," akasema. "Sijui nilikuombea nini. Nilitaja tu."

Nilishika mwiko nikasahau kazi yake. Kuni za mkandaa, mti wa mikokoni, hazina huruma, moto wake ni kama wa mhunzi, na sisi katika masimulizi tulikuwa tumeshafika Mina. Harufu ilimfikia mama mdogo uani kabla ya kutufikia sisi. Aliingia mbio, akafunua sufuria, akatutazama mmoja mmoja.

"Nyie! Wageni wamekaa mkekani, nyie mnaunguza wali!"

"Tulikuwa Makka," mama mkwe akamjibu.

Wali ukapakuliwa wa juu, ukoko ukaachwa chini, lakini moshi ulikuwa umeshaingia wote. Wageni walikula kwa adabu, wanatafuna polepole, wanatazamana. Baba mdogo alikuwa amekaa pembeni na sinia lake mwenyewe, mbali na watu, barakoa ameishusha kidevuni. Alimaliza, akaomba aongezewe.

"Mtamu," akasema, pua imeziba kabisa. "Nani kapika?"