Waya wa Mama Wankyo Katika Kiwanja cha Kabasa

Dafroza Magesa, ambaye majirani walimwita Mama Wankyo, alizaliwa Bukima, kwenye nyumba ya wavuvi, lakini maisha yake aliyapata kwa kuongea na watu asiowaona. Kwa miaka mingi alikaa kwenye chumba cha redio call cha ushirika wa pamba, Bunda, akiuliza vituo vya vijijini kama magunia yapo, kama lori limefika, kama dizeli imebaki. Miaka ile ya shida, sabuni ilipopatikana kwa foleni na sukari kwa kibali, jibu karibu kila siku lilikuwa moja: hakuna. Hata hivyo aliipenda kazi yake. Sauti ilitoka kituo cha Buswahili imejaa mikwaruzo, naye akamtambua mwenye sauti kabla hajajitaja.

Biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walikuja na malori yao, ushirika ukanyong'onyea, na Dafroza akawa miongoni mwa waliopunguzwa kazi. Akakaa nyumbani Kabasa na kupanda mchicha. Mume wake, Renatus, fundi wa kiwanda cha kuchambua pamba, alimsikia siku moja akifukuza mbuzi bustanini: "Toka hapo, ova," kama anayemaliza kuongea redioni.

Renatus alicheka, kisha akamhurumia.

Aliyemwokoa ni daktari mgeni wa misheni aliyekuwa na redio ya ridhaa, ile ya watu wanaoongea na wenzao wa nchi nyingine kwa kupenda tu, bila biashara yoyote. Alimfundisha Dafroza sheria zake, akamsaidia kuomba leseni Dar es Salaam, na alipomaliza mkataba wake akamwachia redio, kebo, na mita ya kupima kama waya unakubaliana na redio.

"Lakini bila waya mzuri juu," alimwambia, "hiyo ni sanduku tu."

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Kila masafa yanataka waya wa urefu wake, na Dafroza alitaka masafa matatu: ya kuongea na majirani wa Afrika Mashariki, na mengine mawili ya kufika mbali. Waya wa kwanza peke yake ulikuwa mrefu kuliko kiwanja chao. Ukiunyoosha, ncha moja inatokeza kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa Enoka, mfuga ng'ombe, ambaye watu walimwita Baba Robi. Kwenye mpaka wake ulisimama mkaratusi mrefu ulionyooka, mti ambao Dafroza alikuwa anauangalia kila asubuhi akipiga mswaki. Akaenda kumwomba afunge kamba juu yake.

"Hapana, Mama Wankyo," alisema Enoka. "Waya zinaletaga radi. Mimi nina ng'ombe hapa."

Dafroza hakubishana naye. Radi za Mara anazijua. Alirudi nyumbani, akachukua kijiti, akachora kiwanja chao kwenye vumbi, na kumwita Renatus.

"Tusimamishe nguzo moja katikati," alisema. "Nyaya zote zianzie pale juu, zishuke pande mbili kama mbavu za mwavuli. Fupi zitaishia hewani. Hii ndefu ikifika kwenye uzio tunaikunja, inaendelea pembeni."

"Ikikunjwa itafanya kazi?"

"Si vizuri sana. Lakini itafanya."

Renatus alileta waya wa shaba kutoka kwenye mota iliyoungua ambayo kiwanda kiliitupa. Kwao Bukima, Dafroza alipata kamba za nyavu, ambazo haziozi kwa jua wala mvua. Vipande vya bomba la plastiki la maji vikawa vya kutenganisha waya na kamba, umeme usivujie pembeni. Kila kiungo Renatus alikikwangua kwa kisu mpaka rangi ya waya ikatoka na shaba ikang'aa. Nyaya waliziacha ndefu makusudi, maana kupunguza ni rahisi kuliko kuunga. Dafroza akawa anaangalia sindano ya mita ndani, anapiga kelele dirishani: "Punguza kidogo!" Renatus anapanda ngazi, anakata, anashuka. Jioni ilipoingia sindano ilitulia chini, dalili kwamba urefu umekubali, na Renatus akasema magoti yake yameomba likizo.

Siku ya pili Dafroza aliunganisha betri ya gari, akataja herufi zake za leseni, akaita dunia. Aliita muda mrefu, Renatus amekaa pembeni kama yuko kanisani. Mwisho sauti ikajibu, safi kabisa, kwa Kiswahili. Alikuwa mzee mmoja wa Mwanza.

"Mwanza?" Renatus aliuliza walipomaliza. "Si ungepanda basi tu?"

Alicheka mpaka akafuta machozi. Dafroza alitaka kununa akashindwa, naye akacheka.

Wiki iliyofuata mawasiliano yaliharibika ghafla. Mita ilikuwa imepanda, na mzee wa Mwanza hakusikika. Dafroza alitoka nje kukagua. Ule waya uliokunjwa pembeni ya uzio ulikuwa umelemewa na mablanketi mabichi, na Boke, mke wa Enoka, alikuwa anatandaza la mwisho.

"Mama Robi, huo si wa kuanikia."

"Nilikuwa nashukuru," alisema Boke. "Nilidhani umetukumbuka majirani."

"Ungeushika nikiwa naongea, ungekuunguza vidole."

Boke aliuachia palepale. Siku hiyohiyo Dafroza alimfungia kamba yake ya nguo, na mwisho wa waya akaupandisha juu ambako mkono haufiki.

Enoka aliyaona yote hayo. Masika ikaingia. Kila wingu lilipojikusanya upande wa ziwa, Dafroza aliacha anachofanya, hata kama ni ugali jikoni, akachomoa kebo na kuitupa nje mbali na dirisha. Wakati mwingine mvua haikunyesha hata tone. Siku moja Enoka alipiga hodi, akakataa kiti.

"Nimekuangalia," alisema. "Ngurumo ikilia hata Tarime, wewe unakimbia. Mtu anayeogopa radi kuliko mimi nitamkatalia nini? Panda ule mti. Ila wingu likija, huo waya wa kwenye mti wangu nao utaushughulikia hivyohivyo."

"Kila siku, Baba Robi. Asante sana."

Renatus alipanda, akalalamika, akafunga kapi na kamba. Waya ukanyooka wote, juu ya vichwa vya watu na ng'ombe.

Jumapili ile, baada ya misa, Dafroza alimpata redioni mtu wa Finland, kule Ulaya kaskazini. Enoka alikuwa amekuja kukagua kamba kwenye mti wake, akasimama mlangoni. Dafroza alimtafsiria: huyu ni mfugaji, kwao bado kuna theluji.

"Muulize ng'ombe wake wanalala wapi."

Dafroza akauliza kwa Kiingereza, akasikiliza.

"Anasema wanalala ndani ya jengo. Baridi ikizidi, analipasha moto."

Enoka alikaa kwenye kiti alichowahi kukikataa. Alicheka kwanza taratibu, kisha mabega yakaanza kutikisika. "Ng'ombe wanaota moto," alisema. Akatoka kwenda kumwambia Boke. Boke hakuamini hata neno moja, wakarudi wote wawili, na Boke akasogeza kiti karibu na redio ili asikie mwenyewe.