Mchezo wa Korosho na Kidole cha Mwalimu

Kila anayeingia sebuleni kwangu hapa Shangani, Mtwara, huniuliza swali lile lile: "Dada, haya makorokoro yote ya nini?" Makorokoro! Na anayeuliza amekalia kochi langu, anakunywa chai yangu. Macho yake yako kwenye rafu nilikopanga kompyuta zangu za zamani, za kuchomeka kwenye televisheni. Moja niliitoa stoo ya ofisi, ilikuwa imegeuzwa kigoda. Nyingine niliikuta kwa fundi redio, ameshaanza kuing'oa vifaa vyake. Pembeni ziko mashine za gemu, pamoja na zile za kitapeli zilizokuja na katriji zenye orodha ndefu ya michezo. Ukichomeka, ni michezo ile ile michache inajirudia kwa majina tofauti. Wageni huwa nawajibu kwa kicheko. Leo sicheki, leo naeleza.

Ya kwanza aliileta baba. Sisi asili yetu Mbeya, baba alikuwa karani bandarini, na mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa kidato cha pili. Mzungu mmoja aliyekuwa akitafiti korosho kule Naliendele alikuwa anarudi kwao, akauza vyombo vya nyumba. Baba alikwenda kununua televisheni ndogo, akarudi nayo pamoja na kidude cheusi chenye vitufe vya mpira. "Taipureta ya kisasa," alimwambia mama kwa fahari. "Huyu binti atajifunza uchapaji, apate kazi ofisini." Kisha akahangaika na kile kidude jioni nzima akitafuta mahali pa kuingizia karatasi.

Bahati nzuri kilikuja na kitabu chake. Nilikisoma na kamusi mapajani, neno kwa neno, mpaka nikaelewa kwamba mashine hii unaiamuru kwa maneno machache ya Kiingereza, nayo inatii. Jamani, mimi ambaye nyumbani nilikuwa natumwa na kila mtu, kutwa chumvi, kutwa maji, kutwa kibiriti, leo nimepata wa kumtuma! Nikaamua kutengeneza mchezo. Nilipoitazama ile alama ya mkato kwenye kioo, nikaona ni korosho kabisa, na kibonyeo chake. Herufi U ikawa kapu. Basi korosho zikawa zinadondoka kutoka juu, na wewe unasogeza kapu huku na huku kuzidaka.

Mtazamaji wangu alikuwa mama mkubwa wa nyumba ya pili. Hatukuwa ndugu, namwita hivyo kwa heshima. Alikuwa mtu wa Mikindani, mfanyabiashara wa korosho za kukaanga, na alikuwa anakuja kwetu mchana na sinia lake, anachambua huku ananitazama navyobonyeza. Siku ya kwanza kuona ule mchezo alicheka mpaka ushungi ukamwanguka. "Wee mwanangu wee! Nani kakwambia korosho inadakwa? Umeona wapi mtu kasimama chini ya mkorosho na kapu, kama anaomba mvua? Korosho inaanguka yenyewe, inalala chini, unaiokota! Hebu rekebisha hapo, unatutia aibu."

Nilinuna, lakini alisema kweli. Kesho yake nilibadilisha mchezo wote, naye amekaa pale pale na sinia lake. Sasa ukijaribu kudaka hewani hupati kitu. Unaiacha itue, ndipo unapita na kapu kuokota, na ukichelewa mvua inazilowesha. Akasema, "Hapo sawa." Aliucheza yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mashine ile ilikuwa na ubaya mmoja: ukiizima inasahau kila kitu. Na umeme wa Mtwara wa enzi hizo mnaujua, ulikuwa unakatika unavyojisikia. Ili mchezo usipotee, unauhifadhi kwenye kaseti, hizi hizi za nyimbo. Unaunganisha mashine na redio kwa waya, mashine inapiga kelele, redio inarekodi zile kelele. Siku nyingine unazicheza, mashine inasikiliza na kukumbuka. Kwa sikio la binadamu ni mlio wa kuudhi, kama dagaa wanaotumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Mimi nilikuwa na kanda moja tu, kanda ya kwaya ya mama iliyochakaa, na mchezo wangu ulikuwa humo.

Sasa mwalimu wetu wa hesabu akatangaza kwamba atachagua mwanafunzi mmoja apeleke kazi yake kwenye maonyesho ya shule za mkoa. Nikanyoosha kidole, nikasimama, nikaeleza kwamba nimetengeneza mchezo wa kompyuta. Darasa likaguna. Mwalimu akanitazama kuanzia viatuni.

"Umetengeneza, au umenakili kwenye kitabu cha Mzungu?"

"Nimetengeneza mwenyewe, mwalimu."

"Wewe?"

Neno lile "wewe" bado linaniwasha mpaka leo. Yeye hakuwahi kuigusa kompyuta, nami sikumlaumu kwa hilo, nani alikuwa nayo? Lakini alijuaje kwamba haiwezekani? Aliona nini usoni kwangu? "Haya, Ijumaa leta tuone," akasema. "Na kama ni uongo, utaniambia mbele ya wenzako."

Ijumaa baba aliifunga televisheni kwa khanga kwenye karia ya baiskeli, akaikokota taratibu kama anampeleka mgonjwa. Mimi nilibeba mashine na redio, na ile kanda nikaichukua juu ya kabati kama kawaida. Darasani nikapanga vyote mezani. Kabla ya kuchomeka waya nilikuwa na desturi ya kucheza kanda kidogo nisikie kelele zinapoanzia. Nikabonyeza.

"Assalamu alaykum mwanangu," kanda ikasema. "Mimi ni mama yako. Sisi huku wazima, alhamdulillahi..."

Darasa zima lilipasuka. Wengine walipiga madawati. Nilisimama pale nasikiliza sauti ya mama mkubwa akimsalimia mwanawe aliyeko Maskati. Na mwalimu, mwalimu wangu mimi, akanyoosha kidole chake kirefu chenye vumbi la chaki, akabonyeza redio ikazima.

"Huu ndio mchezo wako?"

"Mwalimu, naomba nafasi mpaka Jumatatu, nitauandika upya."

"Toka na mzigo wako."

Nilifika nyumbani, nikauliza. Kumbe katikati ya wiki, nikiwa shule, mama mkubwa alikuja kuomba kanda. Watu wa pwani wenye ndugu Uarabuni hawakuwa wanaandika barua. Walikaa mkekani wakazungumza kwenye kaseti, kila mtu akatia salamu zake, kisha ikapewa msafiri. Ujirani wetu ulikuwa wa kuazimana mbuzi ya nazi, ungo, mkaa, itakuwa kanda? Mama yangu alijaribu ile ya kwaya, akasikia dagaa wanakaangwa, akasema hii imeharibika, chukua. Mama mkubwa akarekodi upande mzima, akairudisha kwetu ili baba ampatie mtu wa meli. Hakuna aliyefikiria kwamba mchezo unaishi ndani ya kaseti. Wote walijua uko ndani ya mashine, ungekaa wapi tena?

"Mama, umenimaliza!" nililia.

"Kwa kanda mbovu?" mama akashangaa. "Nitakununulia nyingine!"

Mama mkubwa alikuja na sinia la korosho kuniomba radhi. Yeye nilimwelewa. Mama pia, baada ya muda. Lakini yule mwalimu! Unajua alimchagua nani? Mvulana aliyefinyanga Mlima Kilimanjaro. Kwa udongo! Mtwara hii, mji usio na hata kichuguu cha kujivunia, tukapeleka mlima wa udongo uliopakwa chokaa juu eti theluji. Mimi mpaka namaliza shule niliitwa "Assalamu alaykum", na kila mwalimu alijua kuna binti mmoja mwongo anayejidai ametengeneza mchezo. Kanda ikasafiri Maskati na meli ya watu. Sikutaka hata kuisikiliza.

Miaka ikaenda. Nikapata kazi, na uchapaji nikaujua vilevile, baba asihuzunike. Mama mkubwa alifariki miaka ya elfu mbili imeshaanza, akina sisi tumeshaanza kubeba simu za mkononi. Mwanawe aliyeko Maskati hakuwahi mazishi, akaja kwenye arobaini. Siku chache baadaye akabisha hodi kwangu, mtu mzima mwenye mvi, ameshika kitu kilichofungwa kwenye leso.

"Dada, nimeambiwa wewe unatunza mashine za kale," alisema. "Nina kanda ya mama. Huko redio yangu ilishakufa, na hizi za mtaani naogopa zitaitafuna. Nataka nimsikie."

Hakuyaita makorokoro. Nikamvutia kiti, nikachagua redio iliyo nzima kuliko zote. Alipofungua leso niliijua kanda ile kwa maandishi ya mama yangu: kwaya, upande wa kwanza. Lakini nitamwambia nini mfiwa? Nikabonyeza.

Assalamu alaykum mwanangu. Tukapita pale mwalimu alipokatisha. Mama mkubwa akataja nani kaoa, nani kajifungua, bei ya samaki. Halafu akasema, na hapa nayaandika kama nilivyoyasikia:

"Kanda hii nimepewa na jirani yetu, mke wa yule bwana wa bandarini. Wana binti, mwanangu, nakwambia yule mtoto ana akili mpaka unamwogopa. Katengeneza mchezo wa korosho kwenye televisheni, yeye mwenyewe, kwa mkono wake, nami nimekaa namtazama. Mara ya kwanza kaukosea, korosho zinadakwa kama mpira. Nikamwambia, mwanangu, korosho inaokotwa. Kesho yake kaubadilisha wote, mbele ya macho yangu. Rudi uje uuone."

Yule kaka alikuwa analia kwa ajili ya mama yake. Mimi nilikuwa nalia kwa hasira. Ilikuwepo! Siku ile, darasani, ndani ya redio ile ile, shahidi wangu alikuwa anakuja, amebakiza salamu chache tu na bei ya samaki. Kidole kile kingetulia kidogo! Kitabu gani cha Mzungu kingejua kwamba korosho inaokotwa?

Nilimwomba yule kaka ruhusa ya kunakili maneno yale, akanipa na kunishika mkono. Kisha nikawasha mashine ya baba, ambayo mpaka leo inafanya kazi, nikauandika mchezo upya. Sikuusahau. Nilichukua kanda mpya: kwanza nikatia sauti ya mama mkubwa, kisha mara baada yake nikauhifadhi mchezo. Nikaandaa vyombo vyangu, nikaenda kwa mwalimu.

Alikuwa amestaafu, yuko barazani kwake na gazeti. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba. Wewe ni nani?" Nikamwambia. Hakunikumbuka! Mimi nimeibeba Ijumaa ile maisha yangu yote, yeye hata hana habari. Nikaomba nimwonyeshe kitu, akakubali kwa ukarimu tu. Sebuleni nikaunganisha mashine kwenye televisheni yake, nikachomeka redio na kispika pembeni ili sauti isikike, nikabonyeza.

"Wana binti, mwanangu..." ikaanza.

Mwalimu akakunja uso. "Umekosea kanda," akasema, na kidole kikanyooka kuelekea redio. Kile kile, sasa kimekunjamana.

Nikaushika mkono wake. Kwa adabu, lakini nikaushika. "Mwalimu, naomba uache amalize."

Mashine ile inangoja mlio wake tu. Mtu akizungumza kabla, inamwacha aseme mpaka mwisho. Haikumkatisha mama mkubwa. Alipomaliza, dagaa wakaanza kukaangwa, mistari ikacheza kwenye kioo, na korosho zikaanza kudondoka. Nikamsogezea mwalimu vitufe. Akajaribu kuidaka ya kwanza, ikampita. Akajaribu ya pili, ikampita. Akajaribu tena, amekaza macho.

"Mbona hazidakiki?" akauliza.

"Mwalimu," nikamwambia, "si umemsikia?"