Tarehe Mbili za Kifo cha Mama

Katika chumba cha wasahihishaji wa gazeti walimwita Mama Koma, maana kosa halikumpita hata lijifiche wapi. Wapiga chapa walimtania kwamba hakujaliwa mtoto ila ana koma chungu nzima, tena zinamtii kuliko watoto wa wenzake. Naye alicheka nao, akainamisha kichwa, akaendelea na kazi.

Kisa cha kutozaa hakumwambia mtu. Tangu alipopata akili aliambiwa kwamba mama yake alikufa siku ileile aliyomzaa yeye. Hakuna aliyemlaumu, lakini siku yake ya kuzaliwa ilipofika baba yake alitoka asubuhi na kurudi watu wamekwisha kula, bila kumtazama usoni. Alipoolewa, alimeza vidonge vya kuzuia mimba kwa siri, kila siku, kwa hofu ya leba. Mume alingoja mtoto mpaka akachoka, akaondoka bila ugomvi wowote. Afadhali angegomba.

Alipostaafu, ndugu walimwomba awaandikie kitabu cha ukoo. Aliyemkalia kooni zaidi alikuwa mdogo wake, mtoto wa mama wa kambo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

"Dada, wewe ndiye mwenye kalamu," alimwambia. "Tukilala, wajukuu watawajua wachezaji mpira kuliko babu zao."

Akajitosa. Kila alichoandika alitaja amekitoa wapi: cheti gani, ofisi ipi, nani kasema, na huyo aliyesema alijuaje. Kazi ikamnogea, mpaka alipofika kwa mama yake mzazi.

Cheti cha kifo alikikuta kwenye karatasi za marehemu baba. Miaka yote alikijua kipo na hakuthubutu kukisoma. Sasa akavaa miwani. Tarehe ya kifo ilikuwa kweli siku yake ya kuzaliwa. Ila chini iliandikwa kwamba taarifa ilitolewa miaka mitatu baadaye, na mtoa taarifa ni mume. Jina la daktari halikuwapo.

"Uzembe wa zamani huo," alijiambia, akaenda ofisi ya makaburi kutafuta namba ya kaburi.

Karani wa pale, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alifungua rejesta ya mwaka ule, akateremsha kidole ukurasa baada ya ukurasa. Hakumwona.

"Ngoja tutazame ya mbele, mama. Wakati mwingine walichelewa kuandika."

Walitazama hadi shingo zikauma. Jina walilipata miaka sita mbele. Jina la mama, na la baba yake mama, na pembeni: ametoka hospitali ya wagonjwa wa akili.

"Si yeye huyu," Mama Koma alisema haraka. "Majina hufanana."

"Hufanana kweli," karani alijibu, lakini alimvutia kiti.

Hospitalini alizungushwa wiki kadhaa, njoo kesho, njoo Jumatatu, mpaka mtu wa masjala akamtolea faili jembamba. Mgonjwa alipokelewa mwezi mmoja baada ya kujifungua mtoto wa kike. Hasemi, hali, hataki kumshika mtoto. Mtaa aliotoka ulikuwa mtaa wao. Aliwahi kutoroka mara moja, akarudishwa na mume. Alikufa kwa homa ya mapafu. Tarehe ya kifo ilipishana kwa siku chache na ile ya rejesta ya makaburi. Palipoandikwa ndugu wa karibu, mtu alikuwa ameandika "mume", kisha akakata, akaandika "hakuna".

Mama Koma aliisoma karatasi ile kama alivyozoea kusoma za gazeti, akitafuta kosa. Alipolikosa, akaketi sakafuni, mtu wa masjala akihangaika kumpepea na faili lingine.

Aliyebaki wa kuulizwa alikuwa mmoja tu, mama wa kambo, aliyemlea na ambaye hakujua kumwita jina lolote ila mama. Bibi kizee huyo alikaa barazani kwa mwanawe akichambua maharagwe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka ungo chini.

"Nilipoolewa niliambiwa amekufa," alisema. "Nikaoneshwa cheti."

"Basi?"

"Basi siku moja alikuja mwanamke getini. Miguu peku, kichwa kimenyolewa. Wewe ulikuwa na miaka mitano hivi, unacheza na ndoo uani. Akanyoosha kidole, akaniuliza, 'Yule ndiye wangu?' Nikajua kachanganyikiwa. Nikampa maji, akanywa. Baba yako alipotoka na kumwona, uso ulimsawijika. Akamshika mkono taratibu, wakaondoka. Aliporudi akaniambia ni mwendawazimu wa mitaani, nisimfungulie tena."

"Na wewe ukaamini, mama?"

"Nilikuwa na mimba, mwanangu. Nilitaka kuamini."

Mama Koma aliokota haragwe lililoanguka, akalirudisha unguni. Kisha akauliza, "Na mimi je? Nilifanya nini?"

"Uliendelea kucheza."

Alijaribu kuikumbuka ndoo ile, geti lile, kivuli cha mtu. Hakupata kitu. Aliangalia mikono yake kana kwamba ndiyo ingekumbuka.

"Kama unaandika," bibi kizee alisema, akifuta macho kwa ncha ya kanga, "andika kwamba nilimpa maji. Usiliache hilo."

Mdogo wake aliposikia, alikuja juu.

"Baba alikuwa mtu wa watu, dada! Unataka wajukuu wasome kwamba alimzika mkewe akiwa hai?"

"Sisemi mimi. Zinasema karatasi."

"Karatasi moja inasema alikufa kwenye uzazi. Chukua hiyo, ufunge mjadala."

"Hiyo aliiandikisha baba mwenyewe. Alipotaka kumuoa mama yako."

Mdogo wake alichukua funguo zake za duka, akaondoka. Tangu siku hiyo hakumpigia tena simu.

Mama Koma aliandika tarehe zote. Chini ya ya kwanza aliandika: kwa mujibu wa cheti, taarifa ya mume, miaka mitatu baada ya siku inayotajwa. Chini ya ya pili: kwa mujibu wa faili la hospitali, rejesta ya makaburi inapishana nayo kwa siku chache, huenda ni mtu mmoja. Aliandika pia maneno ya mama wa kambo, na maji. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kufuta lililo kosa na kuacha lililo sahihi. Safari hii aliyaacha yote kwenye ukurasa, na hakuna hata moja lililompunguzia uchungu. Kama tarehe ya pili ni kweli, basi hakumuua mtu kwa kuzaliwa, na watoto wake mwenyewe aliwanyima uhai bure. Hilo hakuliandika. Hakujua lingenukuliwa kutoka wapi.

Baadaye alirudi kwa yule karani, wakaenda pamoja kutafuta sehemu waliyozikwa wagonjwa wa hospitali. Walikuta ghala la saruji na uwanja wa malori.

"Makaburi yalihamishwa?" Mama Koma aliuliza.

Karani alisita. "Yalihamishwa yale yaliyokuwa na wenyewe, mama."

Lori likapiga honi nyuma yao. Wakasogea pembeni kulipisha, na vumbi lilipotulia karani alimshika mkono, wakarudi walikotoka.