Matuta ya Mama Jirani

Baba alipoteguka goti, nilimpa ahadi kwa mdomo mwepesi. Alikuwa amelala kitandani kwake Mollo, goti limevimba, lakini lililomsumbua halikuwa goti. Yalikuwa matuta ya mama jirani, mjane wa rafiki yake. Kila mwaka, mvua zinapokaribia kuisha, baba huenda kwenye shamba la mama huyo na kufukia majani katika matuta ya mviringo, yale tunayoyaita intumba. Majani huozea humo, na msimu unaofuata matuta husambazwa, ulezi ukapandwa. Alimwahidi rafiki yake kazi hiyo siku mbili kabla hajafa, na kwa miaka kumi na mmoja hakuruka hata mmoja.

"Nitalima mimi, baba," nikasema. "Wewe pona tu."

"Majani yafukiwe mabichi," akasema. "Yakikauka, umefukia kuni."

Mimi ni mwalimu, naishi Kizwite. Kutoka kwangu hadi Mollo ni kupanda bodaboda tu. Jumamosi ya kwanza kulikuwa na kikao cha harusi ya mwenzetu kazini, na mimi ndiye katibu. Ya pili ilinyesha tangu asubuhi, nikafurahi kama mtoto aliyeambiwa shule imefungwa, nikajifunika tena blanketi. Ya tatu sina hata kisingizio. Nilifua mashati. Darasani nawahubiria watoto kwamba ahadi ni deni, na mhubiri mwenyewe yuko uani anaanika.

Jumamosi ya nne nilikwenda. Kitanda cha baba kilikuwa kitupu. Mama aliitikia shikamoo yangu, akaninyooshea kidole upande wa shamba la jirani, asiongeze neno. Mama yangu akinyamaza, ujue umekosa.

Nilimkuta baba ameketi chini. Hakuweza kusimama na jembe, kwa hiyo alikalia gunia, mguu mbovu ameunyoosha mbele, mkononi ana jembe alilolikata mpini. Alikuwa anavuta udongo juu ya majani, na tuta likikamilika anajiburuta kwa makalio, yeye na gunia lake, hadi mahali pa tuta jingine. Nyuma yake kulikuwa na mistari miwili na nusu. Mbele, majani yalishaanza kupiga manjano. Machozi yalinitoka, sifichi.

"Mwalimu amefika," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Chukua jembe lile. Anzia bondeni, huko majani bado mabichi."

Nililima mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mchana mama jirani akatuletea togwa. Nilimfuata pembeni, na aibu niliyokuwa nayo ikageuka ukali.

"Mama, wanao wawili wana ng'ombe wa kulimia. Mbona humwambii huyu mzee apumzike?"

Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, nilimwambia zamani, mwaka wa tatu tu. Nilimwambia, shemeji, nimekuachilia, watoto wangu wanatosha. Unajua alinijibu nini?" Akamtazama baba, ambaye alikuwa anajiburuta kwenda tuta jipya. "Akasema, 'Shemeji, sikukuahidi wewe.'"

Nilimaliza togwa, nikarudi bondeni. Jioni ilipofika tulikuwa tumebakiza mstari mmoja, nikaurudia Jumatatu baada ya vipindi, na shati la kazini likachafuka vizuri tu.

Goti la baba lilipona. Mwaka uliofuata alinipigia simu mvua zilipoanza kupungua. "Mwalimu, usijisumbue," akasema. "Nimekuachilia. Sasa naweza mwenyewe."

Nilimshukuru. Jumamosi ya kwanza nilipofika shambani na jembe langu, majani yalikuwa bado mabichi, na baba alikuwa ameshaniachia upande wa bondeni.