Siku Niliyozungumza na Yunisi

Kwetu Ulemo, binti akishavunja ungo, baba yake hamsemeshi ovyo. Anaitikia shikamoo yake, anamtuma maji, anamuuliza kama mbuzi wamefungwa. Mengine yote, ya mwili, ya moyo, hata ya shule, hupitia kwa mama, na mama asipokuwepo hupitia kwa shangazi. Ni heshima. Nimelelewa hivyo na sikuwahi kuona ubaya wake, na kijana wa mjini anayetaka kunifundisha malezi, aanze kwanza kulea wa kwake.

Mke wangu Selina alifariki mwaka juzi, mvua zikianza. Tangu hapo kila neno kati yangu na Yunisi, mtoto pekee tuliyejaliwa, limepitia kwa dada yangu Aneth. Aneth anakaa ng'ambo ya korongo na ana sauti ya kuitia watu mnadani. Yunisi akitaka kalamu, anamwambia shangazi, shangazi ananiambia mimi, nanunua. Nikimwona Yunisi amekonda, namwambia Aneth, Aneth anamuuliza, na jibu linarudi jioni. Mambo yalikwenda. Yunisi akamaliza kidato cha nne, akafaulu vizuri, akapangiwa kidato cha tano kwenye shule moja ya wasichana huko Iringa. Mimi niliishia darasa la saba, nikaingia shambani, na sijatoka huko mpaka leo. Siku majina yalipotoka nilichinja jogoo, na furaha yangu nikamwagiza Aneth aifikishe.

Basi siku za kuripoti shuleni zikiwa zimekaribia, Aneth akanikuta napepeta alizeti.

"Kaka, mwanao kasema haendi shule."

Niliacha kupepeta. "Kwa nini?"

"Sababu kaniambia. Ila hilo sikubebei. Muulize mwenyewe."

"Mimi?"

"Kwani baba yake nani?"

 Nikajua ni mwanaume tu, hakuna kingine. Nikawafikiria vijana wote wenye pikipiki kuanzia kwetu hadi Misigiri, na wote nikawachukia siku nzima bila kubagua. Lakini kumuuliza mtoto mwenyewe sikuthubutu. Nikatafuta njia: tutakwenda Singida mjini watatu kununua vifaa vya shule, na huko, katikati ya kelele za watu, Aneth atalainika amuulize mbele yangu, nami nisikie. Mtoto asipokwenda shule, maisha yake yataishia kwenye jembe kama yangu, na hilo sikuwa tayari kulitazama.

Asubuhi ya safari Aneth akatuma ujumbe kwamba mguu umemvimba. Nilitaka kuahirisha. Lakini Yunisi alikuwa ameshavaa, amesimama mlangoni na mkoba wa mama yake begani, na kusema "hatuendi" nako kulikuwa ni kumsemesha. Tukaondoka wawili.

Mjini, upepo wa Julai ulikuwa unarusha vumbi na mifuko. Duka la kwanza halikunisumbua. Tranka, ndoo, shuka: hapo nilikuwa mwanaume, nikaligonga tranka kwa vidole, nikalalamikia bawaba zake, nikapunguziwa bei. Duka la pili ndilo lililonishinda. Pale mlangoni walining'iniza vitu ambavyo baba hapaswi kuvitazama akiwa na bintiye. Yunisi akaingia. Mimi nikabaki nje, nimeligeuzia duka mgongo, nikapiga simu.

"Aneth, mwambie achukue na yale mengine."

"Yapi?"

"Yale."

"Chediel, yale yapi?"

"Ya kike!" Ilitoka kwa sauti kuliko nilivyokusudia. Mama mmoja aliyekuwa akipanga vitunguu akanitazama, akaficha kicheko kwenye kanga. Nikampelekea Yunisi simu huku nimeinua uso juu kama mtu anayekagua mabati. Wakaongea, simu ikarudi, nikaambiwa yameshachukuliwa.

Mchana tukaingia kwenye hoteli moja karibu na stendi. Kijana wa kuhudumia akauliza tunakula nini. Nikasema ugali na kuku. Yunisi akatazama meza. Najua wewe ungefanya nini hapo. Mimi nilipiga simu.

"Aneth, muulize anakula nini."

Nikamsogezea Yunisi simu juu ya meza. "Shikamoo shangazi. Wali. Ndiyo, na maharage." Akaisogeza kwangu.

"Kasema wali maharage," Aneth akanitangazia.

"Nimesikia."

Yule kijana alikuwa bado amesimama. "Sasa mzee, nilete, au kuna simu nyingine?" Nilimtazama mpaka akaondoka.

Nikaona huu ndio wakati. Nikageukia ukutani, nikaziba mdomo kwa kiganja. "Aneth, sasa muulize lile."

 Kisha ikatoka sauti ambayo meza za jirani zote ziliisikia. "Mko meza moja! Viti vyenu vinagusana, halafu unanipigia mimi niliyeko Ulemo! Mguu wangu mzima, Chediel, nimekudanganya ili mwende wawili. Nimechoka kuwa mdomo wenu. Kuanzia leo sibebi neno la mtu." Akakata. Nilipopiga tena, simu haikupatikana.

Yunisi alikuwa amesikia kila kitu. Tulikula kama watu waliotoka kuzika.

Gari letu lilikuwa la jioni. Mizigo tulikuwa tumeiacha kule kwenye duka la tranka, nikasema tukatazame ziwa, kwa sababu ziwani mtu anaweza kukaa bila kusema neno na asionekane mjinga. Tukakaa juu ya jiwe, Singidani mbele yetu, maji yamechafuliwa na upepo, heroe wachache, wale ndege wa waridi, wamesimama mbali kwa miguu yao mirefu. Nilihesabu moyoni mwangu maneno ya kuanzia, yote yakawa mazito. Mwishowe nikatoa lililokuwa karibu.

"Yunisi."

"Abee, baba."

"Ni nani?"

"Nani yupi?"

"Huyo mwanaume."

Akanigeukia, akanitazama usoni. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho alinitazama hivyo. Halafu akacheka, na kicheko kilikuwa cha Selina kabisa, mpaka nikashika jiwe.

"Hakuna mwanaume, baba."

"Basi ni nini?"

Akachezea mkanda wa mkoba muda mrefu. "Nikienda," akasema, "utaongea na nani?"

Niliudhika. "Kwani huwa naongea na wewe?"

"Huwa unaongea na ng'ombe." Sasa hakuwa akinitazama. "Jioni, ukiwafungia. Unamwambia Mabaka kwamba mgongo unauma. Ulimwambia mbegu za mwaka huu zilikuwa mbovu. Siku ile ya matokeo ulimwambia mtoto amefaulu na mama yake hayupo kuona. Zizi liko nyuma ya jiko, baba. Mimi nazima redio ili nisikie. Ukisema mgongo, nachemsha maji yako ya kuoga yawe moto zaidi. Ukisema hukushiba, kesho yake naongeza unga. Nikienda, utasema, halafu nani atasikia?"

 Nilikuwa nimeoga maji ya moto miaka hii yote nikidhani ni wema wa kuni. Na niseme ukweli, siyo kwamba sikujua kabisa. Mwanga wa jiko ulikuwa unaonekana kupitia ukuta wa miti. Kuna jioni nilipandisha sauti makusudi, nikijiambia Mabaka amezeeka, hasikii vizuri. Nilikuwa nazungumza na mwanangu kwa njia niliyoiweza, naye alikuwa ananijibu kwa maji na unga, na wote wawili tuliita hiyo heshima.

Hapo pua ikaanza kuniwasha, nikasingizia vumbi. Kisha nikasema. Nilimwambia kwamba nyumba inanitisha jua likizama. Nilimwambia kwamba nguo za mama yake bado zimekunjwa kwenye sanduku kwa sababu sijui mtu hufanya nini na nguo kama hizo, na aibu ilinizuia kuuliza. Nilimwambia sijawahi kulia mbele ya mtu, hata siku ya maziko, na kwamba nililia alizeti zilipochanua, peke yangu, katikati ya shamba ambalo Selina alilipalilia kila mwaka. Maneno yalitoka bila mpangilio, mengine kwa Kiswahili, mengine kwa Kinyiramba. Yunisi alisikiliza huku machozi yanamtiririka na wala hakuyafuta.

"Sasa nisikilize," nikamwambia. "Ukibaki kwa ajili ya maji yangu ya moto, kila nikioga nitakuwa najimwagia kidato cha tano chako. Nitaoga ya baridi. Nitapiga kelele, lakini nitaoga."

Akacheka katikati ya kilio. Tukakaa. Heroe waliruka wote kwa pamoja, wakatua palepale walipokuwa.

"Nitaenda, baba," akasema.

Nilikuwa nimepata nilichokifuata mjini. Nilifurahi, Mungu ndiye shahidi. Lakini njia nzima ya kurudi kuchukua mizigo nilikuwa na uchungu ambao sikuutegemea. Muda wote huo nilikuwa na mtu wa kuzungumza naye ndani ya boma langu mwenyewe, nami nimemfahamu wiki anayoondoka. Nilijisikia mjinga, na nilijisikia mpweke kabla hata hajafunga mizigo.

Stendi tulikaa juu ya tranka kusubiri gari. Watu walikuwa wengi, baridi imeanza, wachuuzi wanapita na karanga. Nilikuwa bado na neno moja. Ningeweza kulimeza, nimemeza mengi maishani na hayakuniua.

"Yunisi," nikasema. "Shuleni nenda, na usome. Ila ujue kwamba pale ziwani nilikuwa natamani ukatae."

 Akasogea karibu, akalaza kichwa chake begani kwangu, mbele ya watu wote, jambo ambalo kwetu binti mkubwa hamfanyii baba yake. Gari likaja, utingo akaanza kuita abiria wa Misigiri, watu wakagombania mlango. Sikusogeza bega.