Hesabu Yangu ya Wino

Jamani, aibu hii nimekaa nayo miaka mingi, leo naitoa, chekeni tu mmalize.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa msaidizi wa maabara kwenye mgodi mmoja wa dhahabu huko Geita. Mkemia wetu, Mzungu mmoja mwenye subira, alikuwa akipitisha maji yenye dhahabu kwenye bomba la kioo lililojaa mkaa uliopondwa. Mkaa unaishika dhahabu, maji matupu yanatoka chini, na mkaa ukishiba, dhahabu inaanza kutoroka chini. Akanifundisha kuitafuta kwa hesabu saa ya kutoroka, nami (nilivyokuwa mjuaji!) nikajiona nimebakiza hatua moja tu niwe yeye.

Basi ikatangazwa siku ya ndugu kutembelea mgodi, na Mzee Masanja, baba yake Kabula niliyemposa, akasema atatoka kijijini kwao Didia aje aone kama kazi yangu ni kazi kweli au namdanganya binti yake, ndipo anijibu posa. Kwa kuwa dhahabu ndani ya maji haionekani, mkemia akaniruhusu nitumie maji ya wino wa buluu, maana mkaa huushika wino pia. Nikapima mkaa, nikapima wino, nikazidisha, nikagawa: wino utatokea chini saa nane mchana.

Sasa sikilizeni upumbavu. Kwetu mgeni hakuti maji ya jana chomboni, kwa hiyo alfajiri nikayamwaga yote yaliyokuwa yamelowesha mkaa, bomba likabaki kavu, linapendeza, nikajisifu.

Saa nne wageni wakajaa, Mzee Masanja mbele yao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Haya, ng'wana wane, mwanangu, tuonyeshe."

Nikamimina wino juu, nikakinga kikombe cha bati chini, nikawageukia watu na kuanza kufundisha ubaoni, chaki inaruka, mwisho nikatamka, "Kabla ya saa nane, maji haya ni ya kunywa!" nikanyakua kikombe, nikagugumia (macho nimemkazia mzee, siyo kikombe).

Kisha mama mmoja akapiga yowe, "Mayu, mama yangu! Meno yake!"

Meno, ulimi, kidevu, shati jeupe la kuazima, vyote buluu. Mkemia akainama kwenye bomba, akauliza, "Nani amekausha mkaa?" Ulikuwa umefanya nyufa, wino umejipitia humo kama ng'ombe waliokuta ua wazi, na hesabu yangu imebaki ubaoni inangoja saa nane.

Mzee Masanja alicheka mpaka akakaa chini. Nikajua Kabula ndiyo basi tena, roho ikaniuma. Akajifuta machozi, akasema, "Nilikuja kuona kama huyu ni mwongo. Mwongo hanywi maji anayoyasifia. Kesho kutwa aje nyumbani tuzungumze. Anawe kwanza."

Nilimwoa Kabula. Tangu siku ile sijakausha mkaa tena, wala sijanywa kitu bila kukitazama. Ila mkwe wangu alinisifu hivyo hivyo kila harusi, kila msiba, mpaka anaingia kaburini, na sikuwahi kupata moyo wa kumwambia kwamba ningeyaona, nisingeyanywa.